Kibuyu cha Kwaresima

Wifi yangu Albina ni mwoga. Simtukani, namweleza alivyo. Anaogopa radi, anaogopa mbwa hata aliyefungwa, anaogopa kuvuka barabara pale stendi, na kuliko vyote anaogopa mtu mwenye kalamu kwenye mfuko wa shati. Siku aliyoolewa na kaka yangu Theodory alilia kanisani mpaka padri akasimamisha misa na kumuuliza kama amelazimishwa. Wala hakulazimishwa. Aliogopa watu kuwa wengi.

Mimi ni Bertilla, mdogo wake Theodory. Mungu alipogawa woga mimi nilikuwa nimeenda kisimani, fungu langu akapewa Albina akabeba yote mawili. Ndiyo maana tulipatana. Penye kusema nilisema mimi, penye kuvumilia alivumilia yeye. Na kwa mama yetu tulisaidiana, ingawa ukweli lazima usemwe, kazi kubwa ilikuwa yake.

Mama alikufa miguu. Ilianza ganzi, ikapanda, mwisho akawa mtu wa kitandani: ageuzwe, aoshwe, alishwe, asubuhi atolewe juani kwa sababu baridi ya huku kwetu haina huruma na mifupa ya mzee. Theodory alikuwa fundi uashi. Alijenga nyumba yake ya matofali ya kuchoma hapo mtaa wa Mazwi, kwenye kiwanja alichopewa kwa karatasi ya ofa, akamleta mama akae naye. Halafu akaanguka kutoka kwenye jukwaa la nyumba ya watu, akafa. Ukoo ukakaa, watu wakaanza kuangaliana nani atamchukua mama. Albina, ambaye hajawahi kufungua mdomo kikaoni, akasema mama haendi popote. Alisema akitazama chini, lakini alisema.

Akaanza kupika kimpumu nyumbani, na kimpumu hicho ndicho kilichowalisha yeye, mama na binti yake Otilia.

Asiyekijua nimweleze. Ni pombe ya ulezi. Ulezi ukishachacha unatiwa kwenye kibuyu, unamiminiwa maji ya moto, mtu anavuta kwa mrija polepole huku anaongea mambo yake. Na ina adabu. Mwenye nyumba, au mtu wa nyumba hiyo, anavuta mrija kwanza mbele ya mgeni, anameza, anaufuta, ndipo anampa. Maana yake inajulikana: ninachokupa nami nimekinywa, kama kuna kitu humo tutakufa wote. Pengine watu wanaweza kulipuuza hilo. Katika mji wetu huu wa Sumbawanga, unaosemwa nchi nzima kwa uchawi, hakuna anayepuuza.

Sasa Albina alikuwa na lake. Kwaresima hagusi pombe. Tangu usichana wake, kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka Mkesha wa Pasaka, anapika, anauza, lakini hanywi hata tone. Kwa hiyo Kwaresima kazi ya kuonja ilikuwa ya Otilia, ambaye alikuwa keshakuwa mtu mzima. Wateja walizoea. Walimtania, "Bosi kafunga, msaidizi yuko zamu," na maisha yakaendelea.

Hiyo ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipoachia biashara. Baada ya zile foleni za sukari na sabuni, watu waliamka kama ng'ombe waliofunguliwa zizi. Huyu katoboa ukuta wa chumba cha kulala kageuza duka, yule kafunga mashine ya kusaga uani inayotikisa vyombo vya jirani, mwingine anaonyesha video sebuleni kwake, na bidhaa kutoka Zambia zinaingia kwa mpaka wa Kasesya mchana kweupe. Mazwi ikawa soko lenye vitanda. Ndipo ofisi ya ardhi ikatoa ramani yake.

Mwenyekiti wa mtaa alitusomea tangazo mkutanoni. Eneo letu ni la makazi. Kiwanja cha makazi ni cha kuishi, si cha biashara. Mwenye kilabu, mashine au gereji ahamie maeneo yaliyotengwa, na asiyeweza kuhama aombe ruhusa ya kubadili matumizi ya kiwanja chake. Atakayekaidi, ofa yake itafutwa na kiwanja atapewa mwingine.

Katika maneno yote hayo Albina alisikia moja tu: itafutwa. Alinijia nyumbani kwangu ameshika ile ofa ya Theodory ndani ya mfuko wa nailoni.

"Wifi, wanamtoa mama nje," akasema.

"Nani kasema hivyo? Wamesema tuombe ruhusa."

"Na wakikataa?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Wakikataa, ama aache kupika na wasile, ama ahamishie pombe kule karibu na soko na mama ashinde peke yake bila wa kumgeuza, ama apike kwa kificho na siku moja wapoteze nyumba. Njia zote tatu nilizifuata kichwani, na zote zilinifikisha kwenye kaburi la mama yangu. Mimi siogopi kitu, lakini siku hiyo chai ilinishinda.

Tukaenda ofisi ya ardhi. Njiani Albina alikuwa anasali kwa midomo bila sauti. Tulimkuta afisa mipango miji, Bwana Modesti, kijana wa Kilimanjaro, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Na kalamu mfukoni ilikuwepo, mbili. Lakini alikuwa na adabu zake. Alisimama akasema, "Shikamooni mama zangu," akatupa viti.

Albina hakuweza kusema. Alikaa pembeni ya kiti kama anayeogopa kukichafua. Nikasema mimi: mama mgonjwa, hawezi kuachwa, biashara yenyewe ni chumba kimoja na benchi mbili, hakuna muziki wala ugomvi. Bwana Modesti akaandika, kisha akatueleza hatua kwa hatua. Tangazo litawekwa kwenye kiwanja ili jirani mwenye pingamizi alitoe. Yeye atakuja kupima na kukagua. Halafu kamati itafika, itasikiliza watu, itaamua. Akatuambia wazi kwamba ruhusa za namna hiyo si nyingi zinazotolewa, na kwamba majirani wakipinga, yeye hana la kufanya.

Tangazo likapigiliwa kwenye nguzo ya uzio. Kila Albina akipita pale aliliinamishia kichwa, kana kwamba ni mkubwa fulani amesimama. Nilicheka. Nilikuwa bado nacheka siku hizo.

Majirani hawakuwa na neno. Mama Minza, yule Msukuma wa nyumba ya pili, alisema kama kimpumu kinamchukiza mtu basi mtu huyo aseme kwanza mashine ya kusaga inamfanyia nini. Kornel, jirani wa nyuma, mteja wa kila siku, alisema yeye ndiye atakuwa shahidi wa kwanza wa kumtetea. Nikaona mambo yamenyooka.

Bwana Modesti alikuja kukagua siku ambayo kila wa kusaidia hakuwepo. Ilikuwa Kwaresima imeshaanza. Otilia alikuwa ameshuka bondeni, Ilemba, kwenye msiba wa upande wa mama yake. Mimi nilikuwa shambani napalilia mahindi. Yaliyotokea nimeyasikia kwa Albina mwenyewe, mara nyingi kuliko nilivyotaka.

Alipima uwanja kwa utepe. Akaangalia choo, akaangalia chumba cha pombe. Akaingia kumsalimia mama, na mama akamshika mkono akamuuliza yeye ni mtoto wa nani. Alipotoka, wateja wanne walikuwa kwenye benchi, Kornel akiwa mmoja wao. Bwana Modesti akatazama kibuyu cha Kornel akasema, "Kumbe ndicho hiki chenyewe."

Mtu mwingine angeitikia, "Ndiyo, ndicho," yakaisha. Albina akaona mgeni ameomba. Na mgeni wa ofisi, aliyeshika nyumba yako mkononi, utamwachaje aondoke na koo kavu? Akakimbilia jikoni, akajaza kibuyu, akamimina maji ya moto, akatoka nacho kwa mikono miwili. Alipofika katikati ya uwanja ndipo akakumbuka kwamba Otilia hayupo.

"Wifi, miguu iligoma," aliniambia. "Nikasema nikivuta, nimemdanganya Mungu mbele ya watu. Nikirudi jikoni, nimemtukana mgeni. Nikimwambia Kornel avute, Kornel si mtu wa nyumba."

"Sasa ukafanya nini?"

"Nikapiga magoti nikampa."

Akampa bila kuonja. Wanaume wanne benchini waliona, mirija midomoni. Na Bwana Modesti naye aliona, maana kwao Kilimanjaro pombe ya ndizi huonjwa hivyo hivyo. Baadaye alitusimulia alichokumbuka. Alipopata barua ya kuletwa huku, mama yake mzazi alilia siku nzima, akamwambia mwanangu, huko usile cha mtu. Sasa yuko Sumbawanga, amepewa kibuyu ambacho mwenyewe hakukigusa, na aliyempa ametazama chini. Lakini aliona aibu kumwacha mama wa watu kwenye magoti. Akavuta mara mbili, akashukuru, akapanda baiskeli yake akaenda.

Wiki haikuisha, tukasikia Bwana Modesti amelazwa. Homa kali, anaweweseka, hamjui mtu.

Lo, mdomo wa watu. Jioni ya siku hiyo maneno yalikuwa yameshafika sokoni na kurudi yamenenepa. Albina kampa afisa pombe bila kuonja. Albina alikuwa anaongea na kibuyu jikoni. Albina hakulia vya kutosha Theodory alipokufa, na kwani Theodory alianguka vipi, mtu aliyepanda majukwaa tangu utoto? Nikawaambia wale wanawake wa bombani kwamba Kornel alikunywa kutoka chungu kile kile na kesho yake alionekana anapasua kuni. Mmoja akanijibu taratibu kabisa kwamba uchawi una anayetumiwa. Mwingine akamalizia, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Nilimwaga ndoo yake. Haikusaidia kitu lakini niliimwaga.

Wateja wakakatika. Uwanja ukawa mtupu hata mchana. Kwenye sala za jumuiya benchi aliloketi Albina lilibaki na Albina peke yake, na rozari ikitoka kwake watu waliipokea kwa ncha za vidole. Macho yake yalikuwa mekundu. Mtu anayepika pombe kwa kuni miaka yote hiyo macho yatakuwaje? Ni moshi alioula ili mama yangu ale. Lakini huku kwetu mwanamke mwenye macho mekundu hawamwulizi alikoyapata, na tunawajua waliokutwa wamekatwa mapanga kwa hayo tu.

Asubuhi moja alikuta majivu yamemwagwa mlangoni kwake, mstari kutoka upande hadi upande. Vijana wa kona walianza kunyamaza akipita. Zamani walimwita "mama mambo", naye akacheka akaona aibu. Sasa kimya. Kile kimya kilinitisha hata mimi ambaye nimesema siogopi.

Otilia aliporudi kutoka Ilemba akasema waende wote wawili hospitali wampelekee mgonjwa uji. Nikawaambia wamerukwa na akili. Ukienda na chakula sasa hivi, umejifunga kamba shingoni mwenyewe. Wakakaa. Albina akawa hali, ile ofa ameifunga kiunoni ndani ya khanga. Nilipoingia chumbani kwa mama nilikuta kitanda kimehamishwa kutoka dirishani.

"Kwa nini umekisogeza?" nikamuuliza.

"Hapa ni karibu na mlango wa jikoni," akasema. "Wakija kuchoma, nitambeba mama nitoke naye huku. Nimejaribu jana na leo asubuhi. Namweza."

Mama alikuwa anasikia. Akasema, "Anibebe mara ngapi, mbavu zinaniuma," kama mtu anayelalamikia chumvi. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, nikajifuta, nikarudi.

Bwana Modesti hakufa. Hospitali walisema ni malaria, tena kali. Alikuwa ametoka kupima viwanja bondeni wiki mbili nzima kabla ya kuja kwetu, amelala huko kwenye mbu wa Rukwa, na huku juu kwenye baridi ugonjwa ukamlipukia. Mtu mwenye akili angeona limekwisha. Watu wakasema hata malaria inaweza kutumwa.

Kamati ilikuja Jumatatu ya Wiki Takatifu. Albina alikuwa amefagia uwanja tangu alfajiri, akafagia tena, mpaka udongo ukabaki mtupu. Walikuja diwani Mzee Vitus, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati, bwana afya, na wajumbe wengine wawili. Nyuma yao Bwana Modesti, amekonda, shati linamning'inia. Na nyuma ya uzio, mtaa mzima. Sijawahi kuona watu wengi namna ile kwa ajili ya matumizi ya kiwanja.

Mzee Vitus akasoma ombi. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Kornel akapita mbele. Kornel, yule shahidi wetu wa kwanza.

"Mheshimiwa, mimi sina ugomvi na mama huyu," akasema, na nilimwona jasho kwenye mdomo wa juu. "Nina watoto. Nyumba yangu imepakana na yake. Pombe hatuikatai. Ila alimpa mgeni bila kuonja, mgeni akaanguka. Macho yangu yaliona. Kama ni safi, anywe. Anywe yeye mwenyewe, hapa, tumwone. Akinywa nafuta pingamizi."

"Anywe," watu wakaitikia nyuma ya uzio. Hawakupiga kelele. Walisema kama wanavyoitikia litania, na ndiyo maana ilitisha.

Otilia akasema yeye ataonja, ndiyo kazi yake. Kornel akakataa, anywe Albina. Mwenyewe.

Mzee Vitus akasema kamati haipimi pombe, inapima kiwanja. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu, na kwenye uzio vijana wa kona walikuwa wamesogea ndani. Albina akaenda jikoni bila kuambiwa. Akarudi na kibuyu kinafuka moshi, mikono inatetemeka mpaka maji ya moto yakamwagikia vidoleni, wala hakuonekana kuyasikia. Akasimama mbele ya kamati. Midomo ilikuwa inasogea. Nilikuwa karibu, nikasikia anamwomba Mungu msamaha kabla ya kosa.

Hapo mimi nikashindwa.

"Huyu hanywi Kwaresima," nikasema, na nilipaza sauti. "Hajanywa Kwaresima hata moja tangu usichana, na nyinyi mnajua. Albertina, wewe hapo kwenye uzio, unajua, mlipata kipaimara pamoja. Kornel unajua, wewe ndiye unayemwita Otilia msaidizi. Siku ile Otilia alikuwa msibani. Mlitaka afanyeje? Mnasali naye jumuiya moja, leo mnamlazimisha avunje nadhiri kwenye Wiki Takatifu ili nyinyi mlale usingizi. Na akivunja, mtasema nini? Mtasema kumbe hana hata dini."

Wakatazama chini. Lakini hakuna aliyesema basi. Kornel alikuwa anatafuna mdomo wake, ila hakurudi nyuma. Mwoga akishika jambo haliachii, hilo nimejifunza. Albina akainua mrija.

Bwana Modesti akapita katikati ya watu wa kamati, akamshika wifi yangu mkono, akakichukua kile kibuyu.

"Aliyeumwa ni mimi," akasema. "Kama kuna wa kukiogopa, ni mimi."

Akavuta. Aliyetetemeka sasa ni yeye, nilikiona kibuyu kikigongagonga vifungo vya shati. Alikuwa anaogopa, na hakuficha. Akameza, akavuta tena, akaketi kwenye benchi ya wateja, akaendelea kuvuta polepole mtaa mzima ukimtazama koo. Kuku mmoja alikuwa anaparua karibu na miguu yake na kila mtu alimsikia. Alikaa pale mpaka kibuyu kikaisha, akakigeuza, akakirudisha kwa mikono miwili kama inavyotakiwa.

"Asante mama. Kimekolea kuliko cha siku ile," akasema.

Mama Minza ndiye aliyecheka kwanza. Kisha bwana afya akauliza kama na yeye anaweza kupata. Nyuma ya uzio watu wakaanza kupungua mmoja mmoja, kila mtu amekumbuka ana kitu jikoni. Kornel akasema anafuta pingamizi, akiviambia viatu vyake.

Ruhusa ikatoka, kwa masharti: chumba kimoja tu, mwisho wa kuuza ni jua kuzama, na choo kingine kichimbwe kwa ajili ya wateja. Otilia aliitundika ukutani kwenye fremu iliyokuwa na picha ya ekaristi yake ya kwanza. Mama alitaka asomewe, akasomewa mpaka namba ya kiwanja. Akasema Theodory angefurahi hasa hapo kwenye namba.

Ungedhani Albina sasa atapumua. Thubutu. Aliogopa zaidi. "Wifi, amekunywa mbele ya watu wote," aliniambia. "Sasa akiumwa tena?" Na mimi sikuwa nimewaza hilo. Afya ya mtu mmoja wa serikali ndiyo ilikuwa kinga ya nyumba ile, akipiga chafya tumekwisha. Basi hakuna mtumishi wa umma aliyewahi kuombewa kama yule. Otilia alitumwa kupeleka vitumbua ofisi ya ardhi ili tu aone kama kiti kina mtu. Tukisikia Bwana Modesti anashuka bondeni kupima, Albina anapiga rozari mpaka arudi. Mwishowe alinunua chandarua akampelekea ofisini mwenyewe, mtu anayeogopa kalamu, akakiweka mezani akaondoka bila kusema neno. Modesti alimkimbilia nje kumshukuru, naye akadhani anakamatwa.

Mwaka uliofuata, tena Kwaresima, Modesti akaja kuaga. Amehamishwa, anaenda Morogoro. Otilia akamletea kibuyu, akataka kuonja, Modesti akamzuia akavuta mwenyewe kwanza. Akasema kwenye nyumba hii yeye ndiye wa kuanza. Tukacheka wote, hata Albina. Akaagana na mama kitandani, akapanda baiskeli, akashika njia.

Tukabaki uwanjani. Nikamwambia, "Haya wifi, umepona. Huyo ameenda zake. Sasa hata akifa huko Morogoro, hakuna wa kukunyooshea kidole."

Albina akanigeukia, na katika miaka yote sijawahi kumwona amenikasirikia ila siku hiyo.

"Na yeye je?" akasema. "Morogoro si kuna mbu?"

Akaingia ndani kutafuta rozari yake.